Geji Haikwambii Gesi Imebaki Kiasi Gani

Mashine kubwa ya kwanza niliyokabidhiwa peke yangu ilikuwa chila, yaani mtambo wa kupooza maji, ya gesi ya kupoozea iitwayo R-134a, na kibao chake kilisema inabeba kilo 260 za gesi. Asubuhi nilipofika ilikuwa imezimwa tangu jana yake, chumba kina joto la nyuzi 30. Nikafunga geji ya presha, nikasoma bar 6.7, nikamwendea bosi kifua mbele: gesi ipo ya kutosha, tatizo tulitafute kwingine. Tukalitafuta kwingine wiki mbili nzima. Tulibadilisha sensa, tukasafisha mirija ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, tukaishuku valvu ya kutanua gesi, na bado mashine inajizima kwa presha ndogo kila jua linapokuwa kali. Mwishowe fundi mmoja mzee, ambaye muda wote huo alikuwa akituangalia tu, akasema: nyonyeni gesi yote muipime. Mizani ikasoma kilo 140.

Nilikuwa nimesoma geji sawasawa kabisa. Kosa langu ni kuiuliza swali ambalo haina jibu lake. Ndani ya chombo chenye gesi ya kimiminika pamoja na mvuke wake, presha hufuata joto, haifuati wingi. R-134a katika nyuzi 30 itakupa bar 6.7 iwe kilo 260 au kilo 60. Geji itaanza kushuka pale tu kimiminika kitakapokwisha, na kwenye chila hapo umeshachelewa mno.

Kama hutaki kunyonya gesi kila ukiingiwa na shaka, soma mashine ikiwa kazini. Tazama joto la maji baridi yanayotoka, kisha joto la gesi inayochemka ndani ya evapareta, sehemu inayopooza maji hayo. Pengo kati yake mafundi wengi tunaliita aprochi. Kwenye evapareta ya aina ya mafuriko, ile ambayo mirija imezama ndani ya gesi, pengo hilo huwa dogo, nyuzi moja hadi tatu hivi. Gesi ikipungua, mirija ya juu inabaki mikavu na pengo linapanuka. Liandike kila wiki. Mirija michafu nayo hupanua pengo, kwa hiyo usikimbilie mtungi wa kuongeza gesi, lakini rekodi ya miezi sita itakuonyesha kitu ambacho geji ya asubuhi moja haiwezi.

Unaponyonya gesi, mtungi wa kuhifadhia ukae juu ya mizani tangu mwanzo, usijazwe zaidi ya asilimia 80. Kimiminika kikipata joto hutanuka, na mtungi uliojaa pomoni hauna pa kukiweka. Fungua milango na washa feni, kwa sababu gesi hizi ni nzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hujaa kwenye mashimo na vyumba vya chini, zikaisukuma hewa nje bila harufu ya kukushtua. Usilehemu wala kuwasha moto kabla chumba hakijasafika hewa. R-134a ikipita kwenye mwali hutoa asidi kali ya kuunguza mapafu. Na kama unahitaji sababu nyingine ya kutoiachia hewani, kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Zile kilo 120 zilizopotea kwenye mashine yangu ni kama tani 172. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yaliziingiza gesi za kundi hili kwenye Itifaki ya Montreal, ile ya kulinda tabaka la ozoni.

Gesi ikishatoka, tunajaza nitrojeni kavu ili kutafuta tundu. Hapa sina mzaha hata kidogo: ni nitrojeni peke yake, kupitia regyuleta ya kupunguza presha, na kamwe usizidi presha ya majaribio iliyoandikwa kwenye kibao. Mtungi mpya wa nitrojeni unaweza kuwa na bar 150 au zaidi, na ganda la chila halikutengenezwa kwa kishindo hicho. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Hewa ya kompresa ya gereji nayo haifai, maana inaleta unyevu, na ikichanganyika na gesi chini ya presha mchanganyiko huo unaweza kushika moto.

Halafu kuna usiku. Mara yangu ya pili kupima kwa nitrojeni niliacha geji kwenye bar 10 jioni, nikarudi alfajiri nikakuta 9.64. Nikapaka povu la sabuni kila kiungio hadi saa nane mchana, sikupata kitu, magoti yananiuma. Hakukuwa na tundu. Jioni chumba kilikuwa na nyuzi 32, alfajiri nyuzi 22, na nitrojeni ikipoa presha yake hushuka. Hesabu ni nyepesi: ongeza bar moja ya hewa kwenye usomaji wako, zidisha kwa joto jipya, gawanya kwa joto la zamani, joto lote likiwa limeongezwa 273, kisha ondoa ile bar moja. Kumi inakuja 9.64 kamili. Siku hizi nabandika kipimajoto kwenye ganda la mashine na kuandika namba mbili pamoja, presha na joto. Ukiniletea presha bila joto, nakurudisha kwenye mashine.

Kama hesabu inasema tundu lipo, naongeza gesi kidogo ndani ya nitrojeni ili kifaa cha kunusa kiwe na cha kunusa. Zima feni wakati huu. Anza juu ukishuka, na kwenye kila kiungio peleka ncha upande wa chini, kwa mwendo wa sentimeta mbili au tatu kwa sekunde. Wengi wanapungia kile kifaa kama wanafukuza nzi, kisha wanasema hakifanyi kazi. Kikilia, thibitisha kwa povu, kwa kuwa gundi ya insulesheni na baadhi ya sabuni za kusafishia huweza kukidanganya. Na anzia mahali ambapo mikono ya mafundi imepita: valvu za kufungia geji, kifuniko cha chujio la mafuta, nati za vibomba vyembamba vya sensa, oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, zilizotumika mara ya pili. Zile kilo 120 zilitokea kwenye valvu ndogo ya kupimia iliyokosa kifuniko chake cha shaba. Mtu alikifungua kwenye sevisi, akakitia mfukoni, akaenda nacho nyumbani. Simlaumu sana. Nami nimewahi kukuta viwili mfukoni mwangu wakati wa kufua.

Nje kote kukiwa salama, shuku mirija ya maji. Funga valvu za maji, mwaga yaliyomo, subiri, kisha nusa kwa kifaa kwenye tundu la kutolea maji la kichwa cha kondensa na cha evapareta.

Chila za presha ndogo, kama zile za R-123, zina mambo yake. Gesi hiyo huchemka karibu nyuzi 28 kwenye presha ya kawaida ya hewa, kwa hiyo evapareta inapofanya kazi ndani yake kuna vakyumu, yaani presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje. Tundu halitoi gesi, linavuta hewa na unyevu. Dalili ni kifaa cha kuondoa hewa kufanya kazi dakika nyingi kuliko kawaida. Kuipima, unapasha maji ya evapareta moto taratibu hadi presha ipande kidogo juu ya ile ya nje, ukijua kwamba diski ya usalama ya mashine hizi mara nyingi hupasuka kwenye psi 15, kama bar moja. Mimi husimama kwenye 10.

Tundu likishazibwa, tunanyonya hewa na unyevu wote kwa pampu: vakyumu. Ng'oa sindano za valvu, tumia hozi nene, na weka kipimo cha mikroni, kizio cha kupimia vakyumu, kwenye mashine, mbali na pampu, la sivyo utakuwa unapima pampu. Nashusha hadi mikroni 500 au chini yake, nafunga pampu, nasubiri. Kipimo kikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kikipanda kisha kikatulia mahali, kuna unyevu, au gesi iliyojificha kwenye mafuta. Vunja vakyumu kwa nitrojeni kavu urudie. Usiwe na haraka na mashine yenye maji ndani: pampu kubwa inaweza kuyagandisha, nawe ukasoma namba nzuri juu ya barafu.

Barafu hiyo hiyo ndiyo hatari ya kujaza gesi. Nimeiona evapareta iliyopasuka mirija kwa sababu fundi aliingiza kimiminika moja kwa moja kwenye vakyumu. Gesi ilichemka kwa baridi kali, maji yaliyosimama ndani ya mirija yakaganda, shaba ikachanika, na maji yakaingia hadi kwenye kompresa. Anza na mvuke, pampu za maji zikizunguka, hadi presha ipite ile ya nyuzi sifuri. Kwa R-134a ni karibu bar 1.9 kwenye geji, nami husubiri 2.5 kabla ya kugeuza mtungi utoe kimiminika. Unaponyonya gesi ni vivyo hivyo: maji yazunguke, au mirija iwe tupu.

Ile chila ya kwanza tuliipa kilo 260 kwa mizani, tukaandika tarehe na uzito kwenye kadi ndani ya paneli. Mwaka uliofuata nilirudi kwa sevisi, asubuhi, mashine imezimwa, nyuzi 30. Aprochi ya jana yake ilikuwa 1.8. Geji ilisoma 6.7.