Wasomaji Wauliza: Kabla Mlango Haujafungwa

Mhariri, niko mwaka wa tatu chuoni, na tunaishi wanaume wanne kwenye nyumba moja. Mafresha wakiripoti, karamu huwa kila wikendi. Muhula uliopita nilimwona rafiki yangu akimvuta mkono msichana aliyelewa chakari, wakielekea chumbani. Nilinyamaza. Siku nyingine nifanyeje?
*Mwanafunzi, Ngara*

Dalili huanza mapema. Msichana anaegemea ukuta, viatu vyake vimebebwa na mwanamume, mkoba wake hajui uko wapi, na kila glasi ikipungua ni mtu yuleyule anayeijaza. Hapo ndipo pa kuingilia, sebuleni, watu wakiona. Ukingoja hadi mlango ufungwe utalazimika kuugonga kwa nguvu, na wengi hawathubutu.

Nendeni wawili. Wewe mwite rafiki yako kwa jambo lolote: mwenye nyumba analalamikia muziki, teksi imefika, simu yake inalia. Usimfokee mbele za watu. Akiaibika atataka kupigana, na ugomvi ukizuka macho yote yatawageukia nyinyi huku msichana akiachwa bila mtu. Wakati huohuo mwenzako, na ni bora awe mwanamke, akae na msichana na kumwuliza: "Umekuja na nani? Unataka kwenda wapi?" Kisha atafutwe huyo aliyekuja naye.

Kosa kubwa la waokoaji ni mwanamume kumchukua msichana na kumpeleka hosteli peke yake. Nia yako inaweza kuwa njema, lakini yeye hana njia ya kuijua. Asindikizwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Akiitwa na asiamke, mlazeni kiubavu, kwa sababu aliyelala chali anaweza kupaliwa na matapishi, kisha mumkimbize hospitali.

Mengine hupangwa mchana. Chagueni wawili ambao hawatakunywa. Vyumba vya kulala vifungwe, na funguo zikae kwa mmoja wao. Nauli ya teksi itengwe kabla ya kununua vinywaji. Pesa zikiisha saa nane za usiku ndipo utasikia mtu akisema, "Si alale tu hapa."

Kesho yake keti na rafiki yako, nyinyi wawili tu, pombe ikiwa imemtoka. Atakwambia, "Lakini alikubali." Mjibu kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 43, inamhesabu aliyelala, aliyezimia au aliyevurugwa akili na pombe kuwa mtu asiye na uwezo wa kukubali. Adhabu ya ubakaji iliyoandikwa humo ni kifungo kisichopungua miaka 10. Wakiwa wengi, ni kisichopungua 15, na hiyo inamgusa hata aliyeandamana nao kwa nia moja bila yeye kumgusa msichana. Kisha mwambie na lako la moyoni: kwamba akirudia, hutaishi naye nyumba moja. Neno hilo kutoka kwa rafiki huuma kuliko kifungu cha sheria.

Tuliandamana jijini tarehe 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake. Baadaye tulianzisha kikundi cha wanaume chuoni kwetu, lakini sasa hakuna anayekuja. Tulikosea wapi?
*Kahawa Wendani*

Pengine mlikuwa mkihutubiana. Punguzeni watu wawe 8 hadi 12, saa moja tu, na kila kikao kiwe na tukio moja la kujadili: picha ya utupu ya mwanafunzi imetumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa, nani anaandika nini, na saa hiyohiyo? (Kusambaza picha kama hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.) Kila mmoja aseme kwa sauti maneno atakayoyatumia. Ulimi usiofanya mazoezi hukwama siku ya siku.

Kisha mfanye kazi inayoonekana. Waulizeni wanawake ni njia gani wanazoziogopa, mzipite saa tatu usiku, mhesabu taa zilizokufa, na kuandika barua yenye tarehe kwa mkuu wa usalama wa chuo. Baada ya wiki mbili rudini kuangalia. Msiwaombe wanawake waje kuwasimulia majeraha yao, na msikubali kikundi kigeuke ngazi ya mtu anayewania uongozi wa wanafunzi.

Rafiki yangu wa kike ameniambia amebakwa jana usiku. Nimchape huyo jamaa?
*Juja*

Hapana. Ukimpiga utashtakiwa wewe, naye atapata muda wa kufuta ujumbe kwenye simu. Mwambie rafiki yako: "Nakuamini. Si kosa lako." Usimhoji kwa nini alienda huko.

Kinachokimbizana na saa ni hospitali. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu hupungua kila saa ipitayo. Kama anaweza, asioge kwanza. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hushughulikia visa hivi, na Nairobi Women's ina kituo chake tangu 2001. Simu ya 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure, mchana na usiku.

Matibabu hayangoji polisi. Akitaka kuripoti, aombe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3, ya daktari kuandika majeraha, ambayo polisi huitoa bila malipo. Asipotaka leo, usimsukume, na usimwambie mtu mwingine yeyote. Mkifika mapokezi, mwulize kama anataka uingie naye au umngoje nje, na ukiambiwa nje, usiondoke.