Gari adimu ni lile lililokuwa kila mahali

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: katika safari zetu za kila siku, ni magari gani ya zamani au yasiyo ya kawaida tuliyokutana nayo barabarani, na lipi limetugusa zaidi? Nadhani wengi watawaandikia kuhusu magari ya mbio, yale ya milango miwili yanayong'aa mpaka unajiona ndani ya rangi. Mimi naomba niyatetee magari ya kawaida. Gari linalonigeuza shingo siku hizi ni lile ambalo zamani hakuna aliyelitazama mara mbili, kwa sababu lilikuwa kila mahali: gari la mwalimu, la muuguzi, la fundi bomba.

Gari la kifahari huwa na watu wa kulilinda tangu siku linapotoka kiwandani. Hufunikwa, hufungiwa gereji, na likiharibika kuna mtu tayari kuingia gharama. Gari la bei nafuu halikupata bahati hiyo. Lilitumika mpaka likachoka, likauzwa kwa mwingine naye akalitumia mpaka likachoka tena, mwisho likaishia juu ya mawe linanyofolewa spea. Ndiyo maana wingi wa magari yaliyotengenezwa hauniambii lolote kuhusu yaliyobaki. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003. Renault 4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, ilizidi milioni nane. Sasa jiulize ni lini mara ya mwisho uliiona Renault 4 inatembea.

Mimi niliiona hivi karibuni, kwenye foleni, ubavuni kwangu kabisa. Rangi yake ya krimu imefifia, mlango mmoja umetoka kwenye gari jingine, na nyuma dereva amejaza mabomba na mfuko wa vifaa. Foleni ilitupa muda. Gia ya gari hili haitoki sakafuni. Ni mkono mrefu unaochomoza kwenye dashibodi, na dereva anauvuta na kuusukuma kama anayefungua droo. Vioo vya milango ya mbele havishuki, vinateleza mbele na nyuma. Halafu kuna jambo ambalo ukishalijua, hutaiona tena Renault 4 bila kutazama magurudumu yake: umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma haulingani pande zote mbili. Upande mmoja unauzidi mwingine kwa karibu sentimita tano. Springi zake za nyuma ni fimbo za chuma zinazojisokota, zimelazwa kukatiza upana wa gari. Fimbo mbili haziwezi kukaa mahali pamoja, basi moja ikawekwa nyuma ya mwenzake, na magurudumu yakafuata. Wahandisi waliona gari litakwenda vizuri tu hata likiwa hivyo, na lilikwenda, miongo mitatu. Napenda sana ujasiri wa namna hiyo: kuacha ulinganifu ili gari liwe rahisi kutengenezwa na jepesi kununuliwa.

Kwa anayetaka kuanza kuyaona, ushauri wangu ni kuanza na taa. Gari likiwa bado mbali mbele yako, taa za mviringo hukwambia mapema kwamba kuna gari la zamani linakuja. Kwa miongo kadhaa Marekani ilitaka taa za mviringo za vipimo maalumu tu, na zile za pembe nne hazikuruhusiwa mpaka katikati ya miaka ya 1970. Kwenye Land Rover taa ni kama cheti cha kuzaliwa. Zile za awali, kuanzia 1948, taa zimekaa katikati, karibu karibu, kwenye grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi ya mbele, kule pembeni. Bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, na hilo ni jambo moja lililoziwezesha nyingi kufika hadi leo, maana ni chesisi inayooza, si bodi. Beetle nayo itazame ikishakupita: kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili ni mpaka mwaka 1953, cha umbo la yai ni mpaka 1957, kipana cha pembe nne ni baada ya hapo.

Na kama huna nafasi ya kugeuka, sikiliza. Injini ya Beetle iko nyuma na hupozwa kwa upepo, haina maji ya kuificha sauti, kwa hiyo mngurumo wake mkavu hukufikia kabla hujaliona gari lenyewe. Simu iache mahali pake. Picha iliyopigwa huku usukani uko mkononi haina thamani ya kumgonga mtu.

Sikatai kwamba magari mashuhuri nayo yana raha yake. Citroën DS, iliyotolewa mwaka 1955, bado inanisimamisha. Ikiwa imeegeshwa muda mrefu hulala chini, halafu injini ikiwashwa bodi nzima huinuka polepole, kwa sababu inabebwa na gesi na mafuta yaliyo kwenye presha badala ya springi za chuma.

Ninapotofautiana na wapenzi wengi wa magari ya kale ni kwenye suala la kazi. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linasema gari la kihistoria ni lile lenye umri usiopungua miaka 30, lililotunzwa katika hali yake halisi, na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Sharti la mwisho naelewa limetoka wapi, lakini linamwacha nje mtu ninayemheshimu kuliko wote: yule anayeliendesha gari lake la kale kila siku. Nilimkuta mmoja kituo cha mafuta, na Mercedes 240D, ile ya muundo wa W123 iliyotengenezwa kuanzia 1976. Nikamuuliza, "Mzee, bado unaitumia kila siku?" Akanijibu, "Mwanangu, nisipoitumia itakufa." Akageuza ufunguo nusu, akangoja taa ya plagi zinazopasha joto injini ya dizeli izimike, ndipo akaiwasha. Huyo amelihifadhi gari lake kwa kulitembeza, na anajua kila sauti yake.

Kwa sasa macho yangu yako kwenye magari ambayo bado watu wanayaona mazee tu. Peugeot 405, Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1988, inaelekea kutoweka bila mtu kuaga. Corolla za mwanzo wa miaka ya 1990 zimeshavuka umri wa FIVA, na wengi wanaoziendesha hawana habari. Kama kuna msomaji mwenye 405 inayokwenda kazini kila asubuhi, ningefurahi mhariri akimpa nafasi atueleze anapata wapi spea.