Mlima Kitonga na tairi zangu zinateleza, ninunue zipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, natoka Dar kwenda Iringa karibu kila mwezi, sasa juzi pale Kitonga mvua inanyesha gari ikateleza kwenye kona mpaka roho ikaniruka. Muuza tairi ananiambia nichukue mtumba pana zaidi eti ndo zinashika barabara. Nina hela ya tairi mbili tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Upana pekee haukusaidii kwenye maji, tena tairi pana iliyoisha ndo inaelea juu ya maji mapema zaidi, kinachotoa maji ni ile mifereji iliyochongwa kwenye tairi, kwa hiyo angalia kina chake: mpya huwa na kama milimita 8, ikifika 3 mi naanza kutafuta hela, hiyo 1.6 ya kisheria ya nchi nyingi kwangu ni kuchelewa. Baki na saizi iliyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na upepo ujaze kwa kufuata hiyohiyo stika.

Mtumba? Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, raba imeshakauka hiyo hata kama inang'aa (wanapaka dawa hao!). Bora mpya mbili za bei ya kati, na uzifunge NYUMA, najua wengi wanafunga mbele, ila nyuma ikiteleza kwenye kona gari inazunguka na kuirudisha ni kazi kwelikweli. Halafu wapime na alaimenti (kama magurudumu yamenyooka) siku hiyohiyo.