Kwa mnaoenda kuhubiri Ujerumani mara ya kwanza, haya mi niliyajua nimeshachelewa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Salamu hiyo ukiitoa kwetu Karagwe kanisa zima linaitika Amen mpaka mabati yanalia, mi nikaitoa kwenye kanisa moja huko karibu na Bielefeld nikasubiri, kimya. Watu kama arobaini hivi, wengi wazee, wananiangalia kwa upole tu. Nikarudia kwa sauti zaidi nikidhani hawajasikia, mkalimani akaninong'oneza, endelea tu mwinjilisti. Sasa nasikia kuna wenzetu wanaandaliwa kwenda kwenye ziara za uhusiano kati ya sharika zetu na za kule na kila mmoja ananipigia kuuliza, nimeona niandike mara moja.

Kubwa kuliko yote ni muda. Mahubiri kule ni dakika 12 mpaka 15 na hizo mnagawana na mkalimani, maana yake wewe una dakika kama 6 au 7. Sita! Sisi huo muda hata salamu za mkuu wa jimbo hazijaisha. Kwahiyo shika andiko moja, mfano mmoja, ukae. Andika yote neno kwa neno umtumie mkalimani wiki moja kabla, na ukishaandika usitoke nje ya karatasi eti Roho kakugusa, maana wangu alikuwa mama mstaafu aliyefanya kazi ya uuguzi huku zamani, Kiswahili chake kizuri kweli ila cha kitabuni, nikammwagia methali tatu mfululizo nikamwona anatoa jasho na nje kuna baridi. Vichekesho ndo usiseme, wanacheka tafsiri ikishafika, na wewe saa hiyo umeshahamia msalabani.

Halafu kuna kosa hili ambalo mpaka leo linaniuma. Nilihubiri kwamba nyie mlituletea Injili Bukoba mwaka 1910, maana wamisionari wa shirika la misheni la Betheli walitoka hukohuko Bielefeld, sasa makanisa yenu yako matupu basi sisi tumekuja kuwarudishia. Nikashuka najiona nimepiga kweli. Baada ya ibada kuna kahawa na keki, akaja bibi mmoja anatembea na fimbo, akauliza usharika wetu unaitwaje, nikamtajia, akafungua pochi akatoa kikaratasi kimekunjwa mpaka kimechakaa, jina la usharika wetu limeandikwa pale, akasema wako watu sita wanatuombea kila Jumatano. Hakunilaumu hata kidogo, aliongeza tu kwamba mwaka jana walikuwa saba. Ile keki ilinishinda kumeza. Na hata hiyo historia nilikuwa naijua nusu, maana hao Betheli walipofika Bukoba walikuta Wahaya wameshaanza kukusanyika na kusoma Neno walilolitoa Uganda, hakuna aliyembeba Mungu kwenye begi kumleta.

Ndo maana nasema hiyo kahawa usiikimbie ukapumzike. Watu ambao kanisani hawakutikisa hata kichwa ndo hapo wanakuja na maswali, na ni maswali magumu, wachungaji wanawake, ndoa za jinsia moja, mvua siku hizi zinanyeshaje kwenu, ile hela ya tenki la maji ilifanya nini. La ndoa jibu kwa kifupi kanisa lako linasimamia nini na umwulize na yeye, usigeuze meza ya keki kuwa uwanja wa vita. La tenki nenda na picha na risiti, usiende na maneno.

Hela zenyewe sasa. Kapu la sadaka litapita utaona sarafu sarafu ushangae, wazungu hawa vipi. Kule muumini anakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi yake ya mapato kutegemea na jimbo analoishi, kwahiyo hicho cha kapuni ni cha juu yake na mara nyingi kimeshapangiwa kazi. Mnada wa mayai na mikungu ya ndizi baada ya ibada hakuna, nikiwasimulia walifurahi sana wakataka kujaribu na keki. Ila mahitaji ya usharika usiyatangaze madhabahuni, tafadhali sana, kuna kamati ya uhusiano, yapitie huko. Mwenzangu mmoja aliomba pikipiki katikati ya mahubiri na mkalimani akairuka hiyo sentensi, tukaja kulijua hilo tumesharudi nyumbani.

Nyimbo msiogope, nyingi za kitabu chetu sauti zake zilitoka kwao, kinanda kikianza utajua hii naijua, basi imba kwa Kiswahili chako kwa nguvu wao waimbe Kijerumani, kwangu hapo ndo ibada ilichangamka kuliko mahubiri yangu yote.

Mengine madogo madogo, bima ya safari iwe ya kuanzia Euro 30,000 la sivyo viza usahau, siku zisizidi 90, na Jumapili maduka yamefungwa kwahiyo soksi nzito nunua Jumamosi. Ibada ikiisha mchungaji anasimama mlangoni kupeana mikono, simama naye, joho utavua baadaye. Yule bibi wa fimbo alikuwa wa mwisho kutoka.