Ugali unanikwama kifuani

SWALI: Shikamoo daktari. Nina skleroderma, ule ugonjwa wa kukaza ngozi; vidole vimekaza hata pete haivuki. Sasa ugali unakwama kifuani mpaka niusukume kwa maji, na usiku kiungulia kinaniamsha. Wifi anasema ni vidonda vya tumbo. – Mama Pacha, Njombe

JIBU: Marahaba, mama. Wifi kabahatisha tu. Ugonjwa uleule unaokaza ngozi hulegeza misuli ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Chakula hakisukumwi, asidi inapanda. Muulize daktari wako kuhusu omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Kula kidogo kidogo, usilale kabla ya masaa matatu kupita tangu ule, na weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani (mito miwili hukukunja tumbo tu). Ukiharisha na kukonda, usisubiri tarehe ya kliniki: huenda bakteria wamezidi kwenye utumbo mwembamba, na hilo lina dawa.