Dereva Asiye na Lori

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa huku Wales, katika bonde la makaa ya mawe juu ya Swansea, na huu ni mwaka wa sita. Juzi mama mkwe alinikabidhi kopo la biskuti lenye nishani mbili za babu yake aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza. Moja ni ya fedha, ina mtu juu ya farasi. Nyingine ina rangi ya dhahabu iliyopauka, malaika, na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Ukingoni pamepigwa chapa namba inayoanza na W na mkwaju (/), kisha DVR, jina lake, na R.A. Hapa nyumbani wanasema alikuwa dereva wa lori. Mama mkwe anamkumbuka kama mzee mkimya wa mgodini, na vita hakuvitaja. Mume wangu alitafuta faili lake la jeshi, hakulipata. Wanangu wananiuliza babu huyo alifanya nini, nami sina la kuwaambia.
Mama wa wawili, Wales

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu ukingo wa nishani hizo unasema mengi kuliko mnavyodhani.

Lori lisahauni. R.A. ni jeshi la mizinga la Uingereza, na DVR ni dereva kweli, lakini dereva wa mizinga wa miaka ile aliendesha farasi. Malori mengi yalikuwa chini ya kikosi cha ugavi, na huko herufi zingekuwa nyingine.

Ile W na mkwaju ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Namba za namna hiyo walipewa watu walioandikishwa kwa mizinga ya Divisheni ya 38, kikosi kikubwa cha maelfu ya askari wa Wales. Wazo la jeshi la Wales lilisukumwa mwaka 1914 na David Lloyd George, Waziri wa Fedha wa wakati huo, aliyekulia huko huko. Kwa hiyo babu hakutupwa tu popote palipokuwa na nafasi. Alianza kati ya watu wa kwao, na bila shaka Kiwelshi kilisikika sana mle kambini, maana kwa sensa ya 1911 zaidi ya watu 4 kati ya 10 wa Wales walikizungumza.

Sasa kazi yenyewe. Mzinga wa kawaida wa uwanjani uliitwa wa ratili 18, kwa uzito wa kombora lake, kama kilo 8 na kitu. Mzinga mzima ulizidi tani moja. Ulivutwa na farasi sita, wawili wawili, na kila jozi ilikuwa na dereva wake. Dereva hakuketi kwenye gari. Alipanda farasi wa kushoto na kumwongoza wa kulia kwa mkono. Mguu wake wa kulia ulivaa kinga ya ngozi yenye chuma, ili usipondwe na mti wa gari uliopita kati ya farasi. Mkikuta kwenye picha ya zamani askari mwenye kinga mguu mmoja tu, huyo ni dereva wa farasi, huenda wa mizinga.

Alfajiri alianza na wale farasi wawili: kuwanywesha, kuwalisha, kuwasugua, kuwatazama kwato. Chakula chake kilingoja. Kisha hatamu na matandiko ya farasi wote wawili, ngozi ipakwe mafuta, chuma king'arishwe. Farasi walifichwa nyuma ya mizinga, mwendo wa kilomita kadhaa, na giza likiingia madereva walipeleka makombora mbele. Adui alizijua njia zile na njia panda zake, akazipiga usiku kucha. Aliye mzingani angeweza kujitupa chini. Dereva alikuwa juu ya farasi aliyeshtuka, na mwingine mkononi. Ndiyo maana sikubali anayesema madereva walikaa nyuma salama.

Divisheni hiyo iliingia msitu wa Mametz, kule Somme, Ufaransa, Julai 1916, ikapoteza watu kama 4,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, ndani ya siku chache. Tarehe 31 Julai 1917 ilikuwa kwenye mwinuko wa Pilckem karibu na Ypres, Ubelgiji. Mvua ilianza siku hiyo hiyo. Matope ya miezi iliyofuata yaliyashinda magari, makombora yakabebwa mgongoni mwa farasi, nane kwa kila farasi, nne kila upande.

Hapa naomba uniruhusu niseme la kwetu. Vita hiyo hiyo ilipofika Afrika Mashariki, mbung'o waliwaua farasi, na kazi hii ya babu yenu ikawekwa vichwani mwa watu. Nakaa hatua chache kutoka Kariakoo, mtaa uliochukua jina la kikosi cha wapagazi hao. Wengi wao hawana hata ukingo wa nishani wenye jina. Waambie wanao mambo hayo mawili pamoja, maana ni damu yao pande zote mbili.

Kuhusu faili, msijilaumu. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza ghala la kumbukumbu London, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida wa vita ile yaliungua. Kadi za nishani zilipona, na mnaweza kuzitafuta kupitia Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew. Kadi yake itajibu swali ambalo kopo limeacha wazi. Divisheni ilivuka kwenda Ufaransa Desemba 1915, na waliofika vitani kabla ya mwaka huo kwisha walipewa pia nyota ya shaba. Ninyi hamna nyota. Ama imepotea, ama babu alibaki nyuma akavuka baadaye. Mimi naelekea kwenye kupotea, maana watoto hupenda nyota kuliko sarafu, lakini kadi ndiyo iamue. (Na yule mwenye mabawa si malaika, ni sanamu ya Ushindi.)

Baada ya hapo fungueni magazeti ya zamani ya Wales, ambayo Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth imeyaweka kwenye mtandao bila malipo hadi mwaka 1919. Magazeti ya mabondeni yalichapa barua za askari. Tafuteni kwa jina la kijiji, si la ukoo peke yake, kwani kina Jones na kina Davies ni wengi mno.

Na kabla ya yote, kaa na mama mkwe wako kwa chai. Usimuulize vita. Muulize babu yake alifanya kazi gani mgodini kabla ya jeshi. Migodi ya huko ilikuwa na farasi chini ya ardhi, na vijana waliowaongoza kuvuta vigari vya makaa. Kama alikuwa mmoja wao, tutajua kwa nini walimpa hatamu. Muulize pia kama mzee alikuwa na tabia ya kusimama barabarani farasi akipita. Atakalolikumbuka, niandikie.