Hati ya nyumba Marekani: fuata sheria ya mahali nyumba ilipo

Shemeji yangu aliponiachia nusu yake ya nyumba tuliyonunua pamoja Florida, sote tulikuwa tunakaa Columbus, Ohio. Tulikwenda kwa notari (mtu aliyeidhinishwa kuthibitisha saini) wa mtaani kwetu, shemeji akasaini hati ya kunihamishia nusu yake, muhuri ukagongwa, tukaituma kwa posta kwenda kusajiliwa Florida. Baada ya wiki tatu bahasha ikarudi. Ndani kulikuwa na hati yetu ileile na karatasi yenye alama mbili za vema: mashahidi hawapo, nafasi ya muhuri wa karani wa usajili haipo.

Ohio iliondoa sharti la mashahidi mwaka 2002, notari anatosha. Florida inataka mashahidi wawili, na majina yao yaandikwe yasomeke chini ya saini. Notari anaweza kuwa mmoja wao. Tena ukurasa wa kwanza, juu kulia, uachwe mraba mtupu wa inchi tatu kwa tatu ambapo karani atagonga tarehe na namba ya usajili. Sisi pale tulikuwa tumeandika anwani yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjaandika neno, pigeni simu ofisi ya usajili ya kaunti nyumba ilipo, siyo mnapoishi. Georgia nako ni mashahidi wawili, notari akiwa mmoja. Ohio mke au mume wa mwenye nyumba anasaini pia kuachia haki yake, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Connecticut na Vermont hawana habari na kaunti, unakwenda kwa karani wa mji. Na hati msiifungie kabatini: North Carolina anayesajili kwanza ndiye mwenye haki, hata kama mwenzake alinunua kabla yake.

Jingine lilinigusa mfukoni. Shemeji hakunidai hata senti, nikadhani ushuru wa stempu, yaani kodi ya hati ya kuhamisha nyumba, haunihusu. Lakini nyumba ilikuwa na deni la benki la dola 120,000, na Florida inaihesabu nusu ya deni niliyobeba kama bei. Senti 70 kwa kila dola 100, nikalipa dola 420. Na jina lake kutoka kwenye hati halikumtoa kwenye mkopo. Hilo ni la kuzungumza na benki, tena mapema.

Sisi wenye majina matatu tuna shida yetu. Kumbukumbu hizi zinatafutwa kwa jina la ukoo. Ukiwa Mohamed kwenye hati na Muhammad kwenye mkopo, au jina la babu likikaa mahali pa jina la baba, hati yako itapotea humohumo ilimosajiliwa. Andika kama ilivyo kwenye pasipoti, kila mara.

Ukimaliza kulipa mkopo, hakikisha karatasi ya kufuta rehani nayo imesajiliwa. Kaunti nyingi zina kumbukumbu zao kwenye intaneti; tafuta jina lako, fungua ukurasa, uione kwa macho yako.